Plateforme ya Madame Kapinga

Madame Kapinga alikuwa Mluba wa Kananga. Serikali ilimtuma Butembo, Kivu Kaskazini, kuwa agent wa Utalii, katika miaka ambayo hakuna mtalii aliyethubutu kufika. Kazi yake ilikuwa kukaa katika bureau yenye picha ya kiboko ukutani na kungoja. Alingoja vizuri. Kila asubuhi alifungua dirisha, akampangusa kiboko vumbi, akakaa.

Shida yake haikuwa kazi. Shida ni kwamba kule Kananga walikuwa wameshazoea kumlilia. Kila redio iliposema “Kivu Kaskazini” na simu ya Butembo ikakosa réseau, mama yake alivua viatu, akakaa chini, na majirani wakaleta mikeka. Mwaka ule wa 2012, Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi, walimlilia sana. Mchungaji alihubiri, watu wakala, shemeji zake wakaanza kuulizana nani atachukua masanduku aliyoyaacha. Réseau iliporudi, Kapinga alipiga simu kusalimia tu, akapokelewa na shangazi yake, ambaye alimwuliza kwa sauti ndogo kama huko aliko kuna baridi.

Mdogo wake Élodie, aliyefundisha chuoni Kananga, ndiye aliyechoka kwanza.

“Dada, siwezi kila mara kuzunguka nyumba kwa nyumba nikisema bado uko hai,” alimwambia. “Fungua blogi. Andika kila juma. Mwenye shaka aende akasome mwenyewe.”

Basi Kapinga alikwenda kwa Malachie, mwimbishaji wa kwaya ya Waprotestanti, mwenye cyber ndogo nyuma ya duka la misumari. Groupe yake ya umeme ilinguruma uani kama ng'ombe mgonjwa, na watu walizungumza kwa kupaza sauti hata mambo ya siri.

“Wabukire, Mama Kapinga,” Malachie alimsalimu kwa lugha ya pale, na aliposikia haja yake akavuta kiti. “Blogi haiko nguvu, iko mwepesi. Mais lakini kwanza unachagua plateforme. Bila plateforme hapana blogi.”

“Iko plateforme ngapi?”

“Mingi. Sikia. Ni kama biashara: kuna kuuza ku baraza ya duka ya mutu. Unatandika tu bintu byako, hakuna mwenye anakuuliza. Mais siku mwenye duka anafunga, na wewe unafunga. Ile njo Blogger, njo Overblog. WordPress nayo ni baraza, mais iko kubwa, na milango mingi, mutu mwenye anaanza anapoteaka ndani. Kisha kuna kujenga magasin, duka yako mwenyewe, na jina yako ku mulango. Ile inaomba carte ya banque.”

“Na mutu mwenye anaanza, anachagua gani?”

“Enda ufikiri kwanza, mama. Kuhama plateforme kisha, ni mateso.”

Kapinga alikuwa mtu wa kuchukua ushauri kwa uzito. Alifikiri njiani, akafikiri akipika, na kesho yake akafikiri kwa sauti mbele ya mkubwa wake wa kazi, Xavier, aliyekuwa akisoma gazeti la mwezi uliopita.

“Chef, kama ingekuwa wewe, ungechagua plateforme gani?”

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Kwa maana nchini Kongo neno hilo lilikuwa na kazi nyingine tangu zamani: plateforme ni vyama vya siasa vilivyofungwa pamoja kama mzigo wa kuni, na hata watu wenye bunduki walikuwa na plateforme zao. Xavier alikunja gazeti, akaenda kufunga mlango.

“Madame, agent wa Serikali hapana chagua plateforme. Ile inachaguliwaka Kinshasa.”

“Ni mambo yangu mwenyewe, Chef. Bananiambia kwa mwenye anaanza, Blogger iko mwepesi.”

“Huyu Blogger ni mutu wa wapi?”

“Haiko mutu.”

“Ninauliza nani iko nyuma yake.”

Kapinga alijitahidi kukumbuka. “Bamarekani,” alisema.

Xavier alikaa. “Na ingine?”

“WordPress? Nayo Bamarekani. Overblog njo ya Bafaransa.”

Juma lile Xavier alisafiri kwenda Beni bila kueleza sababu, na aliporudi Butembo, habari ilikuwa imemtangulia: mama wa Utalii anatafuta plateforme, na mataifa makubwa mawili yanamgombania.

Wa kwanza kufika walikuwa mabwana wawili wa chama fulani, wenye pagne mpya, kitenge chenye uso wa rais wao. Kapinga aliwaeleza kwamba yeye anataka baraza tu ya kutandika maneno yake. Walitazamana. “Hata baraza tuko nayo,” mkubwa wao alisema, wakamwachia ile pagne mezani. Baadaye alikuja mama wa chama kingine, akaitazama pagne, akaondoka bila kuaga.

Kapinga aliamua kuachana na maneno ya watu. Blogi ingehitaji picha nzuri, na picha nzuri kuliko zote ni ile ya bonde lote la mbuga ya wanyama linavyoonekana ukisimama kwenye mteremko wa Kanyabayonga. Aliomba ordre de mission, karatasi ya safari ya kikazi. Xavier aliitia sahihi haraka sana, kama mtu anayeona moshi ukitoka nyumbani kwake kwenda kwa jirani.

Alikwenda kwa moto, pikipiki ya kukodi. Barabara ilikuwa matope na malori, na kila kilima kilikuwa na wenyewe. Karibu na njia ya Luofu walikuta kamba imefungwa kati ya miti miwili, na vijana wenye bunduki wakiota moto na kuchoma mahindi.

“Ni wewe mama wa Utalii mwenye anatafuta plateforme?” mmoja aliuliza.

Kapinga alikubali, kwa kuwa alikuwa mama wa Utalii na alikuwa akitafuta plateforme. Walimwambia motard aliyemwendesha angoje, wakampandisha mlimani kwa miguu. Aliogopa njiani, akikaza kitenge kiunoni. Hakuwaza kifo chake. Aliwaza mikeka ya Kananga, na jinsi safari hii mama yake angekuwa amelia kwa haki, baada ya kukosea mara zote.

Walimfikisha kwenye shule iliyoachwa. Wapiganaji walikuwa wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Mkubwa wao, Colonel Jephté, alikuwa mtu mfupi mwenye adabu, shemasi wa zamani, na sasa rais wa kundi la Front du Sursaut Intégral. Alisimama, akampa kiti cha mwalimu.

“Madame, tulisikia habari yako,” alisema. “Usihangaike tena. Sisi njo plateforme ya kweli. Tuko na Ministre wa Mines, tuko na wa Poste, tuko na wa Mambo ya Inje. Ya Tourisme, ya utalii, haina mutu. Tunakupa.”

“Aksanti, Colonel. Mais mimi natafuta plateforme ya blogi.”

Colonel alitazama dirishani, akalitamka neno lile polepole, kama jina la mji ambako ndugu zake wote wameshahamia wakamwacha.

“Blogi. Bale ba ngambo ya mulima beko nayo,” alisema. “Kila mara kiisha kupigana, banaandika kwamba banashinda. Sisi tunashinda, mais hapana mutu anajua.” Aligeuka. “Mutu mwenye anaanza, anachagua gani?”

Kwa siku nyingi Kapinga hakuwa amempata mtu mmoja wa kumsikiliza habari hii mpaka mwisho. Hofu ilimpungua. Alichukua chaki, akachora ubaoni baraza, akachora baraza kubwa yenye milango, akachora magasin. Alieleza kama Malachie alivyomweleza. Wapiganaji walisikiliza kwa makini kuliko wanafunzi, na mmoja aliyekuwa anasinzia alipigwa kofi na mwenzake.

“Sisi tunapigana tukuwe ndani ya nyumba yetu,” Colonel alisema. “Donc tunachagua magasin.”

“Inaomba carte ya banque.”

Colonel alikuna kichwa, akasema basi kwa sasa wachukue baraza ndogo, maana rais lazima aweze kuiandika mwenyewe.

Hapo alisimama chef d'état-major wake, mkuu wa vita, mtu mrefu aitwaye Gamaliel, ambaye hakuwa amesema neno tangu mwanzo. “Mimi nachagua ile kubwa ya milango mingi,” alisema. “Front haiko mutu moja. Kila commandant apate mulango wake.”

“Gamaliel, hauna hata téléphone.”

“Na kitu ingine, Président. Mot de passe, ile neno ya siri, itakaa kwa nani?”

“Kwa Président.”

“Na Président akikufa?”

“Unataka nikufe?”

“Ninauliza kwa faida ya mouvement.”

Kapinga alijaribu kusema kwamba mot de passe inaweza kubadilishwa, kwamba yeye mwenyewe bado anajifunza, kwamba labda waende kwa Malachie wote pamoja. Hakuna aliyemsikia. Nusu ya darasa ilihamia upande wa dirisha na Gamaliel, nusu ikabaki upande wa ubao na Colonel. Ministre wa Mambo ya Inje alisimama katikati, akaenda dirishani, akarudi, kisha akatoka nje kabisa akidai anakwenda kukojoa, na hakuonekana tena. Watu waliokuwa wamelala kwenye mahandaki pamoja tangu kiangazi walianza kuitana wasaliti kwa ajili ya kitu ambacho hakuna kati yao aliyewahi kukiona.

Hawakupigana. Walikuwa Waprotestanti wote, na kwanza waliomba. Kisha wakagawana shule: Front ya Colonel ikachukua madarasa, Front ya Gamaliel ikachukua jiko. Kila upande ulipiga simu redioni kutangaza kwamba umemfukuza mwenzake. Na kwa sababu Kapinga alikuwa bado ameketi pale na chaki mkononi, upande mmoja ulimtangaza Ministre wa Tourisme, na mwingine ukamtangaza porte-parole, msemaji wake.

“Mimi nataka tu kurudi barabarani,” aliwaambia.

Walimrudisha kwa heshima, kwa misafara miwili iliyotembea sambamba bila kusemezana. Motard alikuwa bado anangoja, maana hakuna aliyemwambia aache kungoja. Kapinga aliwaambia wasindikizaji kwamba hajapiga picha aliyoifuata, nao wakashuka naye mpaka mahali barabara inapofunguka na bonde lote kulala chini, kijani mpaka mwisho wa macho. Ilibidi aipige mara mbili, kwa kuwa kila upande ulitaka kivuli cha mwenzake kisiingie.

Alipofika Butembo, Xavier alisimama. Hakuwahi kusimama kwa ajili yake kabla. Kiti kibovu alikuwa amejiwekea karibu na dirisha, na kile kizuri, chake mwenyewe, kilikuwa kwenye meza ya Kapinga.

“Karibu, Excellence.”

“Chef, ile ni uongo ya redio.”

“Ninajua,” Xavier alisema. “Ku Beni niliandika rapport ya kukufukuza, nayo iko kwenye njia. Mais ya kesho hapana mutu anaijua: labda utakuwa ministre kweli.” Akampangusia kiboko vumbi yeye mwenyewe.

Jioni Élodie alimpata kwa simu. Alisema kilio kilikuwa kimeshaanza, mikeka imetandikwa, redio ilipotaja jina la dada yake kati ya mawaziri. Mama yao alisimama, akavaa viatu. Alisema maiti hawapewi wizara. Watu walibaki hivyo hivyo, wakala chakula cha matanga kama cha sherehe, na binamu wawili walikuwa tayari njiani kuja Butembo kutafuta kazi kwa waziri wao.

Jumamosi Kapinga alirudi kwa Malachie. Réseau ilikuwa dhaifu na mafuta ya groupe yalikuwa yanaisha. Malachie alifungua plateforme zote kwa pamoja, kila moja kwenye mashine yake, na wateja waliokuwepo wakaacha mambo yao kutazama. Blogger ilitangulia kufunguka. Kapinga alikaa mbele yake. Uchaguzi ukawa umekwisha.

Aliweka picha ya bonde. Chini yake aliandika: “Niko mzima. Si waziri wa mtu yeyote. Binamu zangu, rudini.”

Élodie aliprinti, akampelekea mama. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. Alisema kila mtu anaweza kuandika kwamba yuko mzima, hata askari anaweza kumwandikia. Hayo hayakuwa maneno ya mwanawe.

Kapinga aliposikia alikasirika. Alikwenda tena cyber, akaketi, na safari hii hakufikiri lolote. Aliandika kwamba hapa wanapika bugali ya muhogo mtupu, nzito, inashika kidoleni kama deni la mkwe. Kwamba amewafundisha majirani kuchanganya na unga wa mahindi kama kwao, wamekula kwa adabu na kesho yake wakarudia yao. Kwamba baridi ya Butembo inaingia mpaka kwenye meno. Kwamba mamake alimdanganya aliposema kitenge kimoja kitamtosha huku, akamnyima kile kizuri akampa Élodie.

Jibu lilifika kesho yake, chini kabisa ya ukurasa, mahali ambapo dunia yote ingeweza kulisoma. Lilikuwa limeandikwa na Élodie, lakini sauti ilikuwa ya mwingine.

“Kitenge kile ulikichagua mwenyewe. Usinisingizie mbele ya watu. Ponda tangawizi utie kwenye chai, na uandike tena.”

Nyuma ya Kapinga watu walikuwa kwenye foleni wakiingoja mashine. Malachie alimwinamia akamwambia kwa upole kwamba muda wake umeisha. Kapinga alimwomba amwongezee, akavuta kiti karibu, akaanza kutafuta herufi ya kwanza.