Kila Mutu na Mulango Yake

"Mlango iko wapi?"

"Si hii hapa, mama."

"Siulizi hiyo ya chuma! Nauliza mlango ya nyumba yangu!"

"Ile ya mbao? Ile ilikuwa imezeeka. Bidudu bilishaitoboa."

"Nnyabo, wewe mama, nimekuuliza iko wapi. Usinipe habari ya bidudu."

Yaya yangu Sidonie, mukubwa wangu wa tumbo moja, akacheka. Alifikiri Jaliah, mwenye nyumba, anamufanyia mizaha. Mi nilikuwa nimebeba kichwa cha mashini ya kushona kwa bega, nikasimama vile vile, kamio ya mizigo yetu inanguruma nyuma yangu. Niliangalia Jaliah kwa uso. Huyu hakuwa na mizaha.

"Tuliitoa jana," Grégoire akasema. Grégoire ni bwana ya yaya, na ye anasema kila kitu polepole, hata fasi ya kukimbia. "Tukatia ya kwetu. Gonga uone. Chuma kabisa. Mwizi atachoka arudi kulala."

Kwetu Nakivale, kambi ya bakimbizi, hata mutoto anajua hii kitu. Nyumba ni udongo, unaiacha. Lakini mulango umeinunua na jasho yako, kwa hiyo siku ya kuhama unaifungua, unaenda nayo. Batu banatoka kambi ya Oruchinga banakuya na mulango juu ya kichwa, batoto nyuma. Ukikuta mulango imebakia kwa nyumba, ujue mwenyewe aliikataa. Unapasua, unapika. Hakuna mutu atakuuliza.

Na yaya ameshona kule kambini miaka mingi, nguo za arusi, uniforme za batoto, matanga, yote, mpaka akapata hii fasi katikati ya Mbarara, ndani ya jengo la Bahindi ba zamani, lenye nguzo mbele na baraza ya simenti. Mulango yake aliipaka rangi ya bluu, akaandikisha SIDONIE COUTURE. Angeiacha kule namna gani? Ile tuliyokuta ilikuwa ya mbao mbili, nyeusi, maua yamechongwa juu mpaka chini. Sisi wote tuliona kuni.

"Mara ya mwisho nauliza," Jaliah akasema.

"Tulimupatia Mukarukundo," yaya akamujibu. "Ule mama wa mandazi, pale nyuma. Alituletea chai wakati tunafanya kazi. Tukaona haiko vizuri kumuachia mikono mitupu."

Jaliah akakimbia. Mama muzima, na shungi yake na viatu vya kwenda musikitini, akakimbia akizunguka jengo, na sisi nyuma yake. Nikasahau kwamba bado nimebeba kichwa cha mashini.

Mukarukundo alikuwa anageuza mandazi ndani ya karai. Upande moja wa mulango aliulaza juu ya matofali, ukawa meza, mandazi zimepangwa juu yake. Upande wa pili ulikuwa chini ya karai. Kilichobakia ni kipande kama mukono, na ua moja lililochongwa, na moto ulikuwa unatokea katikati ya lile ua.

"Karibuni," Mukarukundo akasema. "Zingali moto."

Jaliah akaweka mikono juu ya kichwa. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

"Nani amekufa?" yaya akaniuliza kwa sikio.

Jaliah hakulia. Heri angelia. Aliongea akiangalia moto tu. "Mwaka ya sabini na tisa bomu zilianguka hii town yote. Mbarara ilibaki mawe. Baba yangu alijificha nyuma ya hii mlango na mama, na mimi niko tumboni. Paa ilienda. Ukuta ya huku ilienda. Mlango ilisimama. Kila Ramadhani ikikaribia alikuwa anaipaka mafuta na mkono yake. Karibu kufa akaniambia, Jaliah, nyumba pangisha, mlango usiuze. Wakaja watu wa Kampala na gari kubwa, wanataka kununua. Nikawafukuza." Akatugeukia. "Halafu nyinyi mmekaangia mandazi! Banange!"

Mukarukundo akaelewa. Akavuta kile kipande na mikono, akakimwagia ndoo nzima ya maji. Moshi ukatuingia wote kwa macho. Alikuwa ameungua vidole.

"Dada, sikuyua," yaya akasema.

"Kujua huwezi. Na kuuliza pia huwezi? Toeni vitu vyenu. Leo leo."

Mi nikakaa chini. Duka ilikuwa haijafunguka hata saa moja, bitenge bingali ndani ya mifuko kwa kamio, na tumeshafukuzwa. Kule Nakivale fasi yetu ya zamani ilikuwa imeshapewa mutu mwingine. Nikasikia *kri kri* kule mbele. Tukaenda kuangalia. Grégoire alikuwa ameshatoa spana, anafungua bolti za ule mulango ya bluu.

"Ssebo, bwana, unafanya nini tena?" Jaliah akamuuliza.

"Umetufukuza, mama. Tunaenda na mulango yetu."

"Na nyumba yangu ilale wazi?"

"Mulango ni yetu," Grégoire akasema, polepole, bila ubaya hata kidogo. Nilitamani kumuuma sikio.

Jaliah akashika kiuno. Akatuangalia moja moja, kama anatafuta mwenye akili.

"Grégoire, acha hiyo," yaya akasema.

"Sidonie?"

"Kaza bolti. Inabakia."

"Mulango inabakia? Sidonie, unaumwa? Utaingilia wapi, wewe?"

"Nimesema kaza."

Mi nimeona batu banaacha mashamba, banaacha mbuzi, banaacha mpaka bazazi babo. Mutu anaacha mulango yenye inafunga vizuri, hiyo nilikuwa sijaona. Grégoire naye alikuwa hajaona. Spana ikamuanguka kwa mukono, na yaya akaiokota, akakaza bolti mwenyewe, moja moja mpaka ya mwisho. Akasukuma mulango, ikajifunga vizuri. Akazungusha funguo, akashika mukono wa Jaliah, akaitia ndani, akamufunga vidole.

"Hailingani na ya baba yako," akasema. "Lakini usiku italinda."

Jaliah akabakia vile, ngumi imefungwa, macho maangavu. "Nnyabo," akaanza.

Yaya hakungoja. Aligeuka, akashuka pale kwa baraza katikati ya nguzo, akaenda kupanda kamio.