Wasifu wa Baba Mkubwa Anyosisye

Usiku wa jana niliota nasoma wasifu wa marehemu baba mkubwa Anyosisye mbele ya waombolezaji, na kila nilichokisoma kikawa kweli papo hapo.

Wasifu huo niliuandika mimi, kwa sababu katika ukoo wetu mwalimu ndiye anayeandika, hata kama anafundisha hesabu. Kamati ya mazishi ilinipa maelekezo: alizaliwa, akasoma, akaoa, aliimba kwaya, alipenda watu wote. Kuhusu mama yangu, kimya, maana marehemu hasemwi ubaya. Miaka kumi na tisa iliyopita, siku ya tatu baada ya kumzika baba, marehemu huyu, kaka yake wa kuzaliwa, alimtoa mama ndani ya nyumba yetu, akafunga mlango, akatuacha uani kwenye mvua ya Tukuyu. Hakuna aliyewahi kumuuliza mama lolote. Nikaandika kama walivyotaka, nikalala na hasira zangu.

Basi, nipo nyumbani kwa marehemu, chini ya turubai, nasoma. "Marehemu alikuwa mrefu." Jeneza linaongezeka futi moja. Wabebaji wanasogea kulipisha.

"Alikuwa na sauti nzuri ya besi." Jeneza linaguna kwa besi. Watu wanatikisa vichwa, hilo halina ubishi.

"Aliwapenda ndugu zake wote na kuwatunza wajane." Hapo mama, aliyeketi nyuma kabisa karibu na masufuria, ananiita.

"Lugano, siku ile tuliyolowa, tulikuwa tunafanya nini nje?"

"Tulifungiwa mlango, mama."

"Na nani?" anauliza kwa adabu, kama mgeni anayeuliza njia. "Mimi simkumbuki."

Namwangalia goti. Lile kovu alilolipata alipoteleza uani akiwa amenibeba mgongoni linafutika polepole kama maandishi ubaoni. Nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa nikiwa macho.

Ambakisye, mtoto wa marehemu na mwenyekiti wa kamati, ananigusa bega. "Dada, endelea. Imebaki aya moja na chakula kinapoa."

"Mama anasahau."

"Si afadhali? Kusahau ndiko kupona. Yaliyopita si ndwele."

"Angesahau mwenyewe ningenyamaza," nikamwambia. "Huku ni kumsahaulisha. Mnamuibia."

Kwenye viti vya wanawake kuna mlango. Ni wa mbao ya mninga, una komeo la chuma, na umejifunga kitenge cha msiba. Unafunguka kidogo, kuomba nafasi ya kusema.

"Mimi nilikuwepo. Nilifungwa saa tisa alasiri. Sikupenda, lakini mlango hauulizwi."

"Keti, mama," Ambakisye anauambia. "Haumo kwenye ratiba."

"Siwezi kuketi. Mimi ni mlango."

Ambakisye anaangalia ratiba yake, anaona jibu hilo linatosha.

Bila mtu yeyote kutembea, tupo makaburini na mvua inanyesha. Kaburi limefungwa kwa ndani. Wachimbaji wanagonga kwa sepetu.

"Nimeusikiliza wasifu," linasema kaburi. "Nimejiandaa kumpokea mtunza wajane. Huyu mliyemleta simjui."

Baba mkubwa anaketi ndani ya jeneza, anatoa pamba puani, anashuka na suti yake. Anagonga mwenyewe. "Fungua. Ni mimi, Anyosisye."

"Anyosisye yupi?"

Akasimama pale, maji yanamchuruzika, viatu vimejaa tope. Nilifurahi. Nimechoka na uongo, kwa hiyo naliandika hili waziwazi: nilifurahi mpaka meno yakaonekana.

"Lugano mwanangu, nimelowa."

"Mvua ya huku ndivyo ilivyo, baba mkubwa."

"Wasomee kilichotokea."

"Kamati imekataza."

"Kamati haizikwi!" akafoka. Halafu akashusha sauti. "Usipambe. Ila usiniongezee mabaya."

Ningeweza kumwacha hapo. Niliwaza hivyo kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Lakini mama alikuwa anamtazama mzee yule aliyelowa kwa huruma tupu, anavua kitenge chake ili amfunike, na hajui ni nani. Hilo sikulivumilia. Mama akitaka kumsamehe, amsamehe akijua anasamehe nini.

Nikainua karatasi. Ambakisye akaninyang'anya. Nikasoma bila karatasi, kwa sauti ninayoitumia darasani kwa watoto tisini:

"Alipofariki mdogo wake, marehemu alimtoa shemeji yake ndani ya nyumba, akafunga mlango, na mvua ilikuwa inanyesha. Mjane huyo anaitwa Sekela. Yupo hapa."

"Marehemu hasemwi ubaya," watu wananung'unika. "Sijasema ubaya," nikawajibu. "Nimesema alichofanya. Anayeona ni kibaya, aseme yeye!"

Komeo la kaburi likalia, likafunguka. Baba mkubwa akaingia akiwa ameinama, bila kuaga na bila kuomba radhi. Mama akapapasa goti lake, akalikuta kovu. Akajifunga tena kitenge chake.

"Ni yeye," akasema. "Sasa namkumbuka. Mzikeni."

Nikaamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, sauti imenikauka. Mazishi ni leo saa nane. Nikafungua kompyuta, nikausoma wasifu niliouandika mpaka chini. Ni ule ule wa kamati: kwaya, upendo, wajane. Nikajiona mjinga kidogo.

Ndipo ujumbe ukaingia kwenye simu. Ni Ambakisye.

"Dada, hii aya ya mlango na mvua umeiweka saa ngapi? Jana niliikagua kazi yote, haikuwepo. Mchapaji ametoa nakala mia mbili na watu wa kwaya wameshachukua."

Nikausoma ujumbe mara mbili. Kisha nikamjibu: "Iko sahihi. Nitaisoma polepole."