Majani Niliyoyakausha

Mimi ndiye niliyeyakausha. Nasema mapema, msije mkamsingizia Daktari Pharadon, mtafiti niliyemfanyia kazi.

Kazi yangu maabarani ilikuwa kuchemsha majani ya miwa kwa soda kali, kisha kuyaosha. Soda inayeyusha ile gundi ya mmea, nyuzi zinafunguka vitundu, na kimeng'enya, ile dawa ya Daktari, kinapata pa kung'ang'ania ili kizivunje ziwe sukari. Wakubwa wa kiwanda cha sukari walikuwa waje kujionea. Wakiridhika wangenunua majani ya kijiji chetu, na mashamba yasingechomwa tena kabla ya kuvunwa. Mama yangu alikuwa hoi kwa mapafu. Hospitali walishaniambia: msimu mwingine wa moshi hauvuki.

Kabla ya sikukuu ya mwaka mpya Daktari aliniambia, "Dada Buppha, yaache na unyevu wake, yakae kwenye friji."

Siku nne bila mtu! Kwetu upande wa Isan samaki anaanikwa, nyama inaanikwa, hata wali uliobaki unaanikwa. Kibichi ni cha kuoza. Nikayatia kwenye tanuri, yakakauka kabisa, nikajiona mjanja. Asubuhi ya siku ya kuja wakubwa nikayalowesha, yakawa yale yale. Au ndivyo nilivyodhani.

Daktari akayachanganya na kimeng'enya majini, akatikisa saa nzima, akapima maji. Akapima tena.

"Kimebaki chote kwenye maji," akasema. "Hakikushika kitu."

Bwana Kasem wa kiwanda akacheka. "Daktari, mdudu wako kagoma kula?"

"Si mdudu, bwana. Ni kimeng'enya."

"Vyovyote. Kagoma. Moto wetu haugomi."

Walipotoka, Daktari akanigeukia. "Dada, uliyakausha?"

"Kidogo tu, yasioze."

"Yakikauka vitundu vinajifunga. Uyaloweshe mwaka mzima, havifunguki tena." Hakunikaripia. Laiti angenitukana!

Nikatimua mbio mpaka kwenye gari la Kasem. "Bwana, kosa ni langu, si la dawa! Nipe wiki moja tu!"

"Wavunaji wanaanza kesho, dada. Nikawaambie nini, wakae wamsubiri mdudu wenu ashikwe na njaa?" Akapandisha kioo.

Kesho yake wakachoma. Nilifunga madirisha, nikaziba nyufa kwa vitambaa vibichi, nikampepea Mama. Siku ya tisa aliniuliza, "Buppha, si ulisema mwaka huu hawachomi?" Nikamjibu kwamba wanamalizia. Nilimdanganya mama yangu, na hakuamka tena.

Daktari alikuja msibani. Alikuwa amerudia jaribio kwa majani yasiyokaushwa, na kimeng'enya kilikuwa kimeshika karibu chote. Alinieleza kwa kunong'ona, akidhani ananifariji. Nikamwomba aninyamazie.

Kwetu maiti huchomwa moto; nikapewa ua la mbao la kuwashia niliweke juu ya jeneza, mwana ndiye wa kwanza. Mkono ukakataa.

"Weka, binti," mtawa akasema kwa upole. "Watu wanangoja."

Nikaweka.