Komeo la Mlango wa Mama

Tamthilia niliiandika mimi, darasa la jioni, mkono mmoja kalamu, mwingine umemshika mwanangu ananyonya. Ni habari ya Bibi: jinsi wanajeshi walivyomchukua wakati wa vita, akiwa na miaka ishirini, wakamfungia kambini miaka miwili, mtumwa wa kila aliyevua mkanda. Alinisimulia mwenyewe tukichambua mchele, bila kuinua macho. Sharti lake lilikuwa moja: "Nitaangalia kwanza. Nikisema hapana, mnafunga virago."

Basi Jumamosi mchana nikampeleka ukumbini kwenye mazoezi. Akakaa mstari wa mbele, amempakata mwanangu, ambaye yeye humwita Mume Wangu.

Ya kambini aliyatazama kimya. Hata fundi seremala aliyetujengea jukwaa, mtu ambaye mdomo wake haujui likizo, alitulia. Ukafika mwisho: binti anarudi kwao na mimba, anabisha, mama yake anafungua na kumkumbatia. Mlango ukagoma. Mshonaji, mwenzetu darasani aliyeigiza mama, akavuta mpaka ukuta wa mbao ukayumba.

"Fundi, hiki ni mlango au ni kisirani?"

"Vuta kwa adabu, dada. Mlango wangu haupendi fujo."

Tukacheka. Bibi hakucheka. Akanigeukia.

"Nani kakwambia alifungua?"

"Hukuniambia, Bibi. Uliishia 'nikafika nyumbani.' Mimi nikajua tu."

"Ukajua nini?"

"Kwamba ni mama yako."

Akamlaza mtoto begani, akampigapiga mgongo, ingawa hakuwa analia.

"Nilibisha. Nikasema, mama, ni mimi. Nikasikia kandambili zake, moja ilikatika akawa anaiburuta. Nikajisemea, huyoo, anakuja. Halafu nikasikia komeo linaingia."

Mwalimu wetu alisogea taratibu. "Mama, tunaweza kuiacha tamthilia yote. Hakuna atakayekulaumu."

Miezi minane ya kazi yangu ilikuwa mikononi mwa Bibi, nami sikuweza hata kumwomba. Lakini yeye alikuwa anamtazama fundi.

"Wewe, una mbao?"

"Ninazo, bibi."

"Tengeneza komeo. Zito. Lisikike mpaka nyuma."

Siku ya onyesho ukumbi ulifurika, Bibi mstari wa mbele na mwanangu kalala mapajani. Mimi nilijibanza nyuma ya mlango na mshonaji, nimeshika karatasi, nikimnong'oneza akisahau. Binti akabisha. Mshonaji akaburuta kandambili, akasukuma komeo. Lilisikika mpaka nyuma.

Ndipo ikatoka sauti mstari wa mbele, nyembamba, siyo ya Bibi ninayemjua.

"Mama, ni mimi."

Mshonaji akashika komeo, machozi yakimchirizika, akaniuliza kwa macho: nifungue? Mungu anajua nilivyotaka. Nikatikisa kichwa. Taa za jukwaani zikazimwa.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwanangu akaamka, akaanza kulia, na nikamsikia Bibi akimbembeleza gizani: "Nyamaza, Mume Wangu. Mama yupo. Yuko hapo nyuma ya mlango."

Nikaitupa karatasi. Nikalitoa lile komeo. Mlango ukagoma kama kawaida yake. Nikauvuta, nikauvuta tena, mpaka ukafunguka.