Hofu Si Jeraha

Ofisi ya bima iko ghorofa ya saba. Tangu ndege ianguke naye, mdogo wangu haingii kwenye lifti, kwa hiyo tulipanda ngazi, tukipumzika kila ghorofa. Mimi ni fundi cherehani, magoti yangu yamezoea kukaa. Nilipanda nikililaani jengo lile na wote waliomo.

Mdogo wangu ni mwalimu. Watu wanasema ana bahati, amenusurika. Bahati gani? Mwezi uliopita upepo ulibamiza mlango wa darasa lake, naye akavunja kioo cha dirisha kwa ngumi ili atoke, wanafunzi arobaini wakimtazama. Mwalimu mkuu akampa hadi Ijumaa: alete barua kwamba ajali ndiyo iliyomuumiza akili, apewe likizo ya ugonjwa, ama sivyo kazi hana. Barua ya hospitali hakuitaka. Alitaka ya hao wa bima, wenye kubeba dhamana ya ajali.

Afisa alitukaribisha vizuri, akatupa maji, akafungua faili. Begi lililoungua, wamekubali kulilipa. Mshono wa mkononi, wameupima kwa rula, wamekubali.

"Na akili yake?" nikauliza.

"Pole sana, mama. Lakini hofu si jeraha. Haionekani kwenye eksirei."

"Kwa hiyo begi limeumia kuliko yeye?"

"Sijasema hivyo. Ila nikiandika kwamba ni mgonjwa, kampuni itakuwa imekiri kwamba hilo nalo ni la kulipwa. Halafu mtu aliyepanda ghorofa saba kwa miguu yake," akatabasamu, "huyo si mzima?"

Mori ulinipanda. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na huyu bwana amekaa kwenye kiti cha kuzunguka anamfundisha maiti namna ya kulala. Nilikuwa na maneno tayari, yale ambayo marehemu mama asingependa kuyasikia. Mdogo wangu akanishika goti.

"Sawa, kaka," akasema. "Andika basi kwamba mimi ni mzima."

Afisa akashusha pumzi. Akaandika upesi, mistari mitatu, kwa mwandiko mzuri.

"Ongeza kwamba umeridhika nifungiwe darasani na watoto arobaini, mimi peke yangu. Na likitokea la kutokea, dhamana ni yako. Weka jina lako, tia saini. Wanao wako darasa la ngapi?"

Kalamu ilisimama. Aliutazama mkono wa mdogo wangu, pale penye mshono, kisha pale palipochanwa na kioo.

"Mwalimu, hilo siwezi."

"Basi andika kwamba ni mgonjwa."

"Na hilo pia siwezi."

Akaichana ile karatasi vipande vipande. Hata pipani hakuvitupa. Alivitia mfukoni mwake, tusije tukaviokota.