Msiba wa Kampuni

Kampuni ya Bwana Pipa ilikufa siku ya Jumanne. Mjane mmoja aitwaye Sikujua aliletewa habari akiwa anakamua mawese, mafuta yamempanda hadi viwikoni. Aliyeileta ni Zahor, mkalimani wa mzungu huyo pale Rumonge.

"Imekufa kwa ugonjwa gani?" Sikujua akauliza.

"Karatasi, bibi. Boma la Usumbura limepiga mhuri. Kampuni haipo tena."

Hakulia. Alikuwa amekusanya mitungi arobaini ya mawese kwa jirani zake, kuanzia Rumonge hadi Magara, kwa ahadi ya mdomo wake tu. Bwana Pipa aliipakia yote mashuani, akasema atalipa mwezi ukiandama. Mwezi ukaandama mara tatu. Jirani wasipopata haki yao, wangechukua michikichi yake ishirini na mitano aliyoachiwa na mumewe, nayo ndiyo iliyokuwa ikimlisha.

Sasa, Waislamu wa Rumonge hawamziki mwenye deni kimya kimya. Kabla jeneza halijainuliwa, mrithi husimama akasema: anayemdai huyu, aje kwangu. Sikujua akaona njia imenyooka. Kilichokufa kina mrithi. Akawaambia wenzake, nao wakakubali. Alhamisi asubuhi wakaenda watu kumi na wawili, wanawake wamejitanda kaniki, shoga yake Asiya amebeba kikapu cha ndagala, dagaa wakavu, cha kuwapa wafiwa.

Bwana Pipa alikuwa barazani, anakula yai.

"Pole kwa msiba, bwana," Sikujua akasema. Zahor akatafsiri, macho chini.

"Nani amekufa?"

"Kampuni yako. Tumekuja kumsikia mrithi."

Mzungu akacheka mpaka akapaliwa. Kisha akaeleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto. Kampuni ni mtu wa karatasi. Ilikopa yenyewe, ikafa yenyewe. Yeye alikuwa mwenye kampuni, lakini deni si lake.

"Muulize, mawese yetu yalinywewa na karatasi?"

"Yaliuzwa."

"Na pesa iko wapi?"

"Ilikuwa faida. Faida nilishachukua."

"Na ile mashua?"

"Ya mke wangu, Ulaya."

"Iko mutoto gani huyu," Asiya akasema, "kwenye kula ana baba, kwenye kudaiwa ni yatima?"

Hilo Zahor hakulitafsiri.

Sikujua akamtazama yule mtu, mzima, kiini cha yai kwenye masharubu. Akaitafuta hasira, asiione. Moyo ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa.

"Mwambie," Bwana Pipa akasema akijifuta mdomo, "afadhali naye angekuwa na kampuni."

Kuna wanaoliita jambo hilo sheria. Askari wawili waliosimama nyuma ya nyumba na bunduki zao walikuwapo kwa ajili ya wasiolielewa.

Wakarudi. Walipofika njia panda, Asiya akaweka kikapu chini.

"Shoga, mitungi yangu minane nilimpa nani?"

"Mimi."

"Si ile karatasi?"

"Mimi."

Ijumaa baada ya sala wakapita shambani pamoja. Kila mdai akafunga ukanda wa ganda la mgomba kwenye michikichi aliyopewa, kuwa alama kwamba sasa ni yake. Asiya alifunga mitano. Aliufunga kila ukanda kwa kulegeza, kana kwamba mti ungeumia, na hakumtazama Sikujua. Mti wa ishirini na tano ulipofungwa, akabaki Mzee Radjabu, aliyedai mitungi miwili.

"Yaache hayo, binti yangu," akasema. "Aliyekula ni yule."

"Aliyechukua kwako ni mimi. Mlango wangu ni wa mninga. Utatosha?"

"Utalalaje bila mlango?"

"Utatosha?"

"Utatosha."

Mzee akaenda kuazima patasi, akazing'oa bawaba moja moja. Ule mlango ulikuwa mzito kuliko alivyodhani. Sikujua akaushika upande wa pili usije ukamwangukia, wakaubeba wote wawili mpaka nyumbani kwa mzee.