Nati Mbili Zilizobaki Tangini

"Jirani, hivi kweli mumeo alishindwa hata kufungua kifuniko akatazama kama mafuta yapo?"

Swali hilo niliulizwa miaka tisa iliyopita nikiwa naanika nguo. Aliyeniuliza ni jirani yangu wa ukuta mmoja, na alikuwa amemzika mtoto wake siku tatu kabla. Uchungu ulimshika alfajiri, mume wangu akampakia kwenye pikipiki, mama yake mzazi akakaa nyuma kumshikilia, wakaelekea hospitali. Pikipiki ikazima mahali pasipo na nyumba wala gari. Mtoto akazaliwa kando ya barabara, hakulia.

Nilibaki nimeishika ile nguo mbichi mpaka maji yakanitiririka hadi kwenye viwiko.

Mume wangu alisema alijaza tangi jana yake jioni. Alisema ilipozima aliitikisa pikipiki akayasikia mafuta yanacheza ndani. Lakini yeye alikimbia kutafuta gari, akalipata, wakachukuliwa, na pikipiki ikabaki pale peke yake. Aliyekwenda kuichukua ni mdogo wake, shemeji yangu, mlinzi wa ghala ambaye watu humwita Kamanda. Aliikokota mpaka nyumbani, akasimama kwenye kibaraza cha duka mbele ya watu, akasema: "Tangi lilikuwa kavu. Kaka yangu nampenda, lakini ukweli ni ukweli."

Jioni mume wangu akafungua kifuniko, akaona kweli pakavu. Tangu saa ile akaacha kuyaamini masikio yake mwenyewe. Pale kibarazani wakambandika jina: Tangi Tupu. Hata watoto wadogo walilijua. Akaisukuma pikipiki chumba cha nyuma, akaifunika turubai, hakuigusa tena. Mwaka uliofuata akafa kwa maradhi ya kifua, na siku ya mazishi, Mungu ni shahidi yangu, nilimsikia mtu nyuma yangu akimuuliza mwenzake, "Tangi Tupu kaacha watoto wangapi?"

Alimwacha mmoja. Binti huyo sasa ni mwalimu, na mwaka huu amepangiwa shule ya mbali, hakuna usafiri wa kueleweka. Ndipo akaniambia, "Mama, na ile pikipiki ya Baba?"

Tulimwita fundi. Akaikagua kutwa nzima, akafuta mikono. "Injini nzima, mama. Ugonjwa uko tumboni. Tangi limeliwa na kutu."

Habari zikamfikia Kamanda, maana habari zote humfikia. Kesho yake akaja na gunia. "Shemeji, hilo tangi litupeni. Nitawaletea jingine. Hata usijisumbue, mimi mwenyewe nitalibeba."

Nilishangaa. Mtu huyu tangu nifiwe hajawahi kutuletea hata kiberiti. Leo tangi zima?

"Hapana," nikamwambia. "Lina maandishi ya kaka yako." Ubavuni mume wangu alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe, kwa mkono wake: MUNGU ANAONA. Herufi ya mwisho ilimshuka kidogo.

"Maandishi hata mimi nitakuandikia, shemeji. Makubwa zaidi."

"Nimesema hapana."

Akaondoka na gunia lake tupu. Siku mbili baadaye akarudi tena na maneno yale yale. Nikayaweka moyoni.

Fundi alitufundisha, kwa kuwa ni kazi ya subira na yeye ana wateja. Toa koki, kile kibomba cha kupitishia mafuta kwenda kwenye injini. Ziba tundu lake kwa kipande cha mpira na bolti. Tia nati ndani, mimina siki mpaka ijae, acha siku mbili siki iitafune kutu. Kisha punguza siki nusu utikise, nati ndizo zitakazokwangua. "Lakini mama," akaniinulia kidole kama mimi ndiye mwanafunzi, "nati unazoingiza uzihesabu, na unazotoa uzihesabu. Moja ikibaki humo itakuja kumsimamisha binti yako njiani."

Nilitia nati ishirini. Nimeishia darasa la saba, lakini ishirini naijua. Mimi ni fundi cherehani. Maisha yangu yote ni kuhesabu vifungo.

Siku ya tatu tukakaa uani, mimi huku, binti kule, tangi katikati tunalitikisa. Lilipiga kelele kama debe la mawe.

"Mama, unalitikisa kama unabembeleza mtoto," akasema, halafu akautazama ukuta wa jirani, akakaza mikono kwenye tangi.

Tulipomimina, maji yalitoka mekundu, mazito, na magamba ya kutu kama maganda ya vitunguu. Nati tukazikusanya kwenye chujio. Nikahesabu kumi na nane. Nikarudia. Kumi na nane.

"Mbili tu, Mama. Zitatoka zenyewe."

"Fundi alisema nini?"

"Tuzihesabu."

"Basi."

Tukalipindua, tukaligonga, tukalitikisa tena. Hakuna kilicholia. Nati mbili ziwe ndani ya bati na zisilie? Hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Tangi la pikipiki lina mgongo katikati, kama tandiko la punda, na tumbo lake linashuka kulia na kushoto. Ukichungulia mdomoni huoni kila pembe. Nikakunja ncha ya waya, nikaanza kuvua upande wa kushoto, upande wa koki. Waya ukanasa kitu laini. Nikavuta taratibu. Kikaja, kikateleza, kikaja tena. Kilipotoka kilikuwa cheusi kama utumbo, na nati zangu mbili zilikuwa zimejifungasha ndani yake.

Nilikifua kwa sabuni mara nne, na bado kilikuwa kinatoa kutu. Kilikuwa kitambaa cha tetroni, ambacho hata mafuta hayakukiozesha. Mkono wa shati, kuanzia kwenye kiwiko hadi kwenye kikofi, pale penye kifungo cha mkono, umeraruliwa. Nikageuza kikofi ndani nje.

Kila nguo ninayoishona huwa naitia alama mahali pasipoonekana: vishono viwili vilivyopishana, kama msalaba. Alama ilikuwepo. Na ilikuwa ya uzi wa kijani.

Uzi wa kijani kwenye shati la kaki niliutumia mara moja tu maishani, kwa sababu wa kaki uliniishia na mwenye shati alikuwa na haraka ya kwenda lindo. Nikakumbuka na mengine. Nikakumbuka wiki ile ya msiba wa jirani, Kamanda aliniletea shati lile lile likiwa na mkono mmoja. "Seng'enge imenirarua, shemeji. Likate na mkono wa pili liwe la mikono mifupi." Nami, mjinga mimi, nikakata, nikapinda vizuri, nikampigia na pasi! Nikakumbuka pia kwamba siku moja kabla ya ile alfajiri alikuwa ameiazima pikipiki kutwa, akairudisha ikiwa na kifuniko kipya. Alituambia ni zawadi.

Sikupiga kelele. Niliingia ndani nikapiga magoti, nikamwomba Mungu azuie mikono yangu, mdomo sikuuombea. Kisha nikamtuma binti akamwite Kamanda, nami nikaenda kwa jirani. Miaka tisa tulikuwa tunasalimiana kwa kupitia ukutani.

"Njoo kwangu uone kitu," nikamwambia. "Usiniulize."

Akanitazama sana. Akaja. Nikamkalisha kwenye kiti cha cherehani, nikamwekea beseni mbele yake, kile kitambaa ndani, bado kimelowa.

Kamanda alisikika kabla hajaonekana. "Nasikia tangi limewashinda! Si niliwaambia? Wanawake na kutu wapi na wapi!" Akaingia anacheka. Akamwona jirani. Akaliona beseni. Kicheko kikakatika.

"Unaijua nguo hii, shemeji?"

"Vitambaa viko vingi duniani."

"Na alama ya fundi je? Ya uzi wa kijani?" Nikakiinua kikofi mpaka usoni pake. "Ulisema seng'enge. Seng'enge gani iliyoota ndani ya tangi la mume wangu?"

Akajifuta jasho. "Shemeji, kifuniko kilinidondoka njiani. Nikaziba kwa hicho ili mafuta yasirukeruke. Nilipopata kifuniko kingine sikukiona tena kile kitambaa, nikajua kimeanguka njiani."

"Ulijua?"

"Nilidhani. Ilipozima ndipo nikajua kiko ndani, kimeziba koki."

"Na mafuta? Nani aliyamwaga?"

Binti yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema kwa sauti ya kumtaka mwanafunzi ajibu, "Baba mdogo, umeulizwa."

"Jamani, haya ni mambo ya familia," Kamanda akasema, akimkwepa jirani kwa macho. "Tusianikane mbele ya watu."

"Mbele ya watu ndiko ulikomwanika kaka yako!" Hapo sauti ilinitoka. "Umesimama kibarazani ukasema unampenda. Umemwacha ajione mwendawazimu, mtu aliyesikia mafuta kwa masikio yake! Umekula naye sahani moja mwaka mzima ukimwangalia anavyonyauka. Na juzi ukaja na gunia!"

"Niliogopa. Wewe ni mtu wa sala, shemeji, niombee."

"Omba mwenyewe, magoti unayo. Mimi nataka kitu kimoja. Mwambie huyu, kwa mdomo wako, tangi lilikuwaje."

Akatazama chini. Akatazama mlango, binti hakusogea.

"Lilikuwa na mafuta," akasema. "Karibu lijae. Niliyamwaga pale pale mtaroni, watu wasije wakauliza kilichoizima."

Jirani alikuwa amekichukua kile kitambaa mkononi mwangu, anakigeuzageuza taratibu, na maji yenye kutu yanamchuruzika hadi kwenye viwiko.

"Yalichukua muda gani kuisha?" akauliza.

"Nini?"

"Kumwaga."

"Si… si muda mrefu."

"Na damu yangu ilikuwa bado pale chini?"



Jirani akainuka. Akaja lilipolala tangi, akainama, akafuta kwa upindo wa kanga yake tone la maji mekundu lililokuwa limekauka juu ya maandishi ya mume wangu. Alifuta herufi zote, mpaka ile ya mwisho iliyoshuka. Akanishika bega, akabana kwa nguvu, mpaka nikausikia uchungu.

Kisha akakikunja kile kitambaa, alama ya kijani ikiwa juu, akakiweka kwenye kiganja kilicho wazi. Binti akampisha mlangoni. Nikamfuata kwa macho hadi nje. Alifika kwenye mlango wa nyumba yake, akaupita, akashika njia ya dukani, kwenye kibaraza wanakokaa watu jioni, pale walipombandika mume wangu jina.